Salamu ya Mama Jukwaani

Mpendwa kaka Vitalis,

Jana vijana wa hapa Katandala walifungulia wimbo wako kwenye spika, nikacheza na ndoo ya maji kichwani mpaka nikalowa. Uzee umechukua macho yangu, lakini kiuno umeniachia.

Nikakumbuka siku uliporudi kutoka Dar na bendi yako ya roki. Ulituacha tukipalilia ulezi kwenye shamba la kijiji, ukarudi na afro, viatu vya raizoni vyenye soli nene na suruali ya bugaluu iliyofagia vumbi la Sumbawanga yote. Redio ilishakutangaza nchi nzima. Mama hakutaka kusikia. Alisema mwanawe alipotea, na yule mhuni mwenye gitaa la umeme hamjui. Ulifikia kwangu, na ugali wa ulezi uliokuwa ukiulilia toka utotoni ukakushinda kumaliza. Niliumia sana kukuona hivyo.

Jioni ya onyesho ukumbi ulijaa. Mliunguruma hadi mabati yakatetemeka, watu wakashangilia, halafu wewe ukanyamaza katikati ya wimbo. Ulikuwa umemwona mama mlangoni, kajifunga kitenge, kakunja mikono. Uliweka gitaa chini. Ukapiga magoti palepale jukwaani, ukainamisha afro lako, ukapiga makofi taratibu, kama mtoto wa Kifipa anavyomsalimia mzazi wake. Suruali ikapasuka nyuma, ukumbi mzima tukasikia, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Nikadhani mama ataondoka. Kisha akakunjua mikono, akaitikia kwa makofi yake.

"Suruali imepasuka, mwanangu," akasema. "Imba tu, nitaishona."

Kaka, uliimba! Mama naye alicheza hadi kitenge kikamfunguka.

Tangu hapo hukuanza onyesho lolote bila kupiga magoti na makofi, popote ulipokwenda. Vijana wa Dar wakaiga wakidhani ndiyo roki yenyewe. Wengine walichana hata suruali zao. Tulicheka na mama mpaka machozi.

Na jana, kabla wimbo haujaanza, hawa wa Katandala nao walipiga magoti, wakapiga makofi. Nikawaambia hiyo ni salamu ya mama yangu. Mmoja akanijibu kwa upole, "Hapana bibi, hiyo ni staili ya roki."

Sikubishana. Nilitua ndoo kwanza, nikawaitikia kwa niaba ya mama, ndipo nikajitwika tena.

Msalimie mama huko mbinguni mliko. Kama bado hajaishona ile suruali, mkumbushe.

Mdogo wako, mwenye kiuno