Ruhusa ya Kupanda Mnara

Dada yangu mpenzi,

Wanao hawajambo, mdogo ameng'oka jino na anajisifu mtaa mzima. Mumeo bado amelazwa. Madaktari hawasemi kama atatembea.

Uliambiwa aliteleza mnarani. Hakuteleza, dada. Kabla hajapanda aliniuliza, "Shemeji, huko juu ni salama?" Nikamjibu, "Wewe panda tu." Kwenye kompyuta niliona herufi E yenye x ndogo ubavuni, nikadhani ndiyo nguvu yote ya uga wa umeme wa antena. Kumbe ilikuwa ya mwelekeo mmoja tu; nguvu kamili ilikuwa kubwa zaidi, ya kuunguza mtu. Antena ikamchoma mikono, akaachia.

Bosi wetu kazini ameandika kwamba alipanda bila ruhusa. Ruhusa niliisaini mimi. Wapelekee wanaochunguza ajali barua hii, wala usinionee huruma.

Mdogo wako