Kitufe cha Kurudi Nyuma

Jumatano, 5 Machi

Leo nimefanya kazi! Tangu nistaafu ukarani wa masjala mikono inaniwasha, na nyumba hii haina kabati hata moja ambalo sijalipanga upya. Mke wangu alikwenda kuchagua nyuzi, nami nikaketi kwenye kompyuta ya karakana yake, ile inayoendesha mashine ya kudarizi. Kuna ujumbe umekuwa ukijitokeza pembeni mwa skrini tangu mwaka jana: mfumo mpya uko tayari, weka sasa au baadaye. Yeye kila siku anabonyeza "Baadaye". Masjala hatukuwa na baadaye. Nikabonyeza "Sasa".

Ikazunguka. Ikazima. Ikawaka, ikazunguka tena. Nimeshinda pale kama mkunga. Lakini ukiiona sasa! Maandishi makubwa, rangi safi, picha ya mlima ambao hatukuwa nao. Bibie aliporudi akauliza nani kabadilisha picha. Nikamweleza habari za mfumo mpya, za usalama, za kwenda na wakati. Akasema haya, mradi inafanya kazi. Hata asante hakuna.

Alhamisi, 6 Machi

Bibie anakata vitambaa mezani, hajaigusa kompyuta. Nikaigusa mimi. Ilikuwa inalalamika kwamba nafasi imejaa. Nikachungulia ndani—folda moja ilikuwa nene kuliko nyingine zote, na jina lake linajisema lenyewe: mfumo wa zamani. Masjala faili lililokwisha muda wake lilikwenda motoni, na mwenye kusaini nilikuwa mimi. Ikaniuliza: una hakika? Mimi niulizwe kama nina hakika! Nikafuta, nikamwaga na pipa la taka. Nafasi tele. Mchana nimelala usingizi mtamu sana.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa.

Bibie aliwasha mashine asubuhi aanze nembo za chuo cha wauguzi. Mashine kimya. Skrini ikasema hakuna mashine iliyounganishwa. Nikachomoa kebo, nikaipuliza, nikachomeka. Hakuna mashine! Na dude lenyewe liko pale, kubwa kama jeneza. Nikasoma kwenye simu: mashine za umri huu hazielewani na mfumo mpya. Ndivyo zilivyo.

Bibie akasema, "Ilikuwa inafanya kazi."

Nembo mia mbili. Mahafali ni Jumamosi ijayo. Matroni wa chuo amesema hizi zikitoka vizuri atampa na sare zote za wanafunzi wapya, kila mwaka. Bibie ameisubiri kazi kama hii tangu siku tulipoiingiza mashine mlangoni kwa kung'oa fremu.

Nikaendelea kusoma. Kumbe dawa ipo—ndani ya mfumo mpya kuna kitufe cha kurudi kwenye wa zamani! Unabonyeza tu. Nikamwita kwa sauti ya mkurugenzi. Njoo ukae, tazama, kitu kidogo hiki. Akavuta kiti. Nikabonyeza.

"Samahani. Huwezi kurudi. Mafaili yanayohitajika yameondolewa."

Ile folda! Haikuwa takataka. Ilikuwa njia ya kurudia, imewekwa pale makusudi.

Bibie akauliza, "Inasemaje? Sina miwani."

Nikasema—sijui nani alisema, mdomo ulikuwa wangu—kwamba kampuni ya kompyuta haikuwezesha kitufe hicho kwenye kompyuta za aina yetu.

Akanitazama kidogo. Akasema, "Watu hawa."

Jumapili, 9 Machi

Sikai, sisimami. Nimetia mafuta bawaba ambazo hazikulia. Nimelifungua tena lile pipa la taka la kompyuta—jeupe. Nilimwaga mwenyewe, tena kwa raha.

Bibie ametoa sindano na fremu ya mkono. Anadarizi nembo moja moja, mchoro wa mshumaa na herufi za chuo chini yake. Tangu asubuhi amemaliza tatu na kidole kimevimba. Nimemwambia apumzike. Akasema nembo hazijidarizi.

Jioni alizungumza na Matroni kwa simu, mlango wazi. Nimemsikia vizuri: mume wangu amehangaika sana, hajalala, kosa ni la hao wa kampuni, mwenyewe masikini anajilaumu bure. Masikini! Nilikuwa koridoni na birika mkononi, nikashindwa kwenda mbele wala kurudi. Miaka yote hii hajawahi kunisifu mbele za watu kiasi hicho, na siku amenisifu nataka ardhi ipasuke nitumbukie.

Jumatatu, 10 Machi

Amemwita kaka yake.

Shemeji huyu ni fundi wa kompyuta katika ofisi kubwa. Ananiita Mzee wa Makabati, mbele ya wanangu, na wao wanacheka. Nilijaribu kumzuia Bibie. Nikasema shemeji ana shughuli nyingi, tusimsumbue. Nikasema nipe siku moja tu, nimekaribia. Akauliza umekaribia wapi. Akasema, "Basi acha aje mwenye ujuzi."

Njia ya mwongo ni fupi, tulifundishwa hivyo tukiwa wadogo. Yangu inaishia kesho, shemeji akitoka kazini.

Nikamwambie leo? Nilikwenda karakana kwa nia hiyo hasa. Nikasimama nyuma ya kiti chake. Akasema bila kugeuka, "Unaniziba mwanga." Nikatoka.

Jumanne, 11 Machi

Shemeji alikuja na begi lake la mgongoni na miluzi yake. Alikaa, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, miluzi ikakoma. Akamwambia Bibie, "Dada, ile diski iliyokuja na mashine unayo?" Anayo, kaifunga kwenye kitambaa kabatini. Alipotoka kuifuata, shemeji akanigeukia.

"Shemeji, hii folda haikujifuta."

Nikainama kunyoosha kebo iliyokuwa imenyooka.

"Ingekaa hapo siku kadhaa ikisubiri watu kama wewe wajute. Baadaye ingeondoka yenyewe. Sasa wewe haraka ya nini?"

"Iliandikwa mfumo wa zamani," nikasema. "Mimi nikiona neno zamani..."

"Makabati," akasema. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha.

"Dada anajua?"

Nikatikisa kichwa. Nyayo zikasikika. Nikajua ndiyo hivyo, nimeula wa chuya. Bibie akaingia na diski yake, akauliza mmeona tatizo liko wapi.

Shemeji akakuna kidevu. "Dada, hizi kompyuta zina mambo yake. Kitufe hakisaidii tena. Tunahamisha michoro yako yote pembeni, tunafuta kila kitu, tunaweka mfumo wa zamani upya, halafu programu ya mashine. Kesho inadarizi."

Ameniokoa! Na laiti asingeniokoa. Angenichamba ningemjibu, ningenuna, ningekula chakula changu. Sasa wakati anaondoka kanigonga begani mara mbili, taratibu, kama mtu anayegonga muhuri. Nina siri na kijana aliyekuja kuchukua mahari yetu akiwa bado hajaota ndevu.

Michoro inahama. Bibie amekaa anaihesabu inavyopita, mmoja mmoja, na kusema huu wa kanisani, huu wa timu ya mpira, huu wa harusi ya binti yetu. Nilikuwa sijui ni mingi hivyo. Ingepotea pia, kama ningekuwa nimejisikia kusafisha zaidi.

Jumatano, 12 Machi

Imerudi!

Asilimia zilipanda kwa kujivuta, nusu siku nzima. Nilizunguka nyumba mpaka Bibie akaniambia nikae au nitoke. Kisha sauti ile ya kuwakia ya zamani, ule mlio wa kengele mbili. Skrini ya zamani, bila mlima. Shemeji akaweka diski, akachomeka kebo—na mashine ikaanza. Tatatatata! Bibie akapiga kigelegele. Akamkumbatia kaka yake, akamwambia uliyenyonya naye ziwa moja hakutupi.

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Akanigeukia, bado anacheka. "Umeona?"

Nikasema nimeona.

Kicheko kikapungua kidogokidogo, macho yakabaki kwangu. Pale ndipo ilipokuwa nafasi. Nilifungua mdomo. Nikasema chai inapoa.

Shemeji akatazama dari.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika kwenye benchi nje ya duka la nyuzi. Nieleze kwa utaratibu.

Mashine inakwenda tangu alfajiri, nembo zinatoka nzuri, mshumaa hadi ncha ya moto. Atazimaliza kabla ya mahafali. Bibie alipokwenda kuoga nikaingia karakana. Sikutaka kufanya lolote! Nilitaka kuona tu kama ule ujumbe wa "sasa au baadaye" umerudi, nimwonye asiuguse. Nikagusa kipanya. Skrini ikawaka, kisanduku cheupe katikati: weka neno la siri.

Kompyuta hii haijawahi kuwa na neno la siri. Kwa nani? Tuko wawili.

Nikampigia shemeji. Nikamwuliza mbona umeweka kufuli. Akasema, "Si mimi, shemeji. Dada aliomba Jumanne, kabla sijaanza hata kuhamisha michoro. Muulize mwenyewe."

Jumanne! Kabla!

Basi nikamwuliza. Alikuwa amerudi kwenye mashine, anatia uzi kwenye tundu la sindano, miwani puani. Nikajitia hamnazo, nikasema kwa wepesi kabisa, kwani neno la siri ni lipi?

Hakuinua macho. "Ulitaka kufanya nini humo?"

Hakufoka. Afadhali angefoka. Nikasema kuangalia tu. Akasema, "Kuangalia nini?" Nikasimama pale na umri wangu. Uzi ukapita. Akasema, "Wa bluu umekwisha, kaniletee," na mashine ikaanza, nisingesikika hata kama ningejibu.

Wa bluu ninao mkononi muda mrefu sasa. Sitoki hapa. Najiuliza alijua lini. Siku ya miwani? Na ile simu ya Matroni, mlango wazi, mume wangu masikini amehangaika sana—alikuwa anamwambia Matroni, au alikuwa ananiambia mimi? Tangu hapo amenipa nafasi ngapi? Ya mwanga niliouziba. Ya jana na chai. Mimi nilidhani namficha, kumbe ananingoja.

Nikifika nitasema: folda niliifuta mimi, halafu nikakudanganya. Hivyo tu, bila masjala, bila kampuni. Na akisema najua? Hapo sijui naendeleaje. Ninachotaka si neno la siri. Nataka aache kukiogopea kitu chake nikiwa karibu.

Muuza nyuzi anaingiza bidhaa ndani afunge duka. Ameniuliza kama kuna kingine ninachohitaji. Nimesimama—nimekaa tena.