Sheria Hairudi Nyuma, Papa

Papa yangu,

Nimerudi sasa hivi kutoka ukumbi wa parokia hapa Butembo, hata viatu sijavua. Nikingoja kesho sitaweza kukuandikia.

Unakumbuka siku ya miwa? Nilikuwa na miaka minane. Mama aliamka na amri mpya: atakayekula miwa sebuleni atachapwa. Kisha akaona makapi ya jana yake chini ya kiti changu, akainua fimbo. Wewe, karani wa mahakama, ukatua kikombe cha chai kama vile uko kazini. "Mama Masika, sheria hairudiake nyuma. Jana ile loi haikukuwako, donc hapana punition, hapana fimbo." Mama alicheka mpaka akaketi. Nami nikakuona mkubwa kuliko hakimu.

Jumapili baada ya misa ulikuwa ukipanga sufuria za Mama sakafuni, moja ndani ya nyingine. Ile kubwa ni Katiba. Inayofuata ni mikataba ambayo nchi imetia sahihi na nchi nyingine, kisha sheria za bunge, na ndogo kabisa ni amri za wakubwa wa hapa kwetu. "Kadogo ikikatala kuingia mu kubwa, ile hapana sheria," ulituambia. Tulikariri huku matumbo yakinguruma, maana sombe, yale majani ya muhogo, ilikuwa inasubiri sufuria.

Vita vikaja. Waasi walifika na bendera yao, ofisi yao na muhuri wao. Siku uliyoletewa karatasi ya kuitwa kwao, mjomba alikuja kutoka Kipese kwa pikipiki, wala hakuzima injini.

"Shemeki, panda! Bale batu habaulizake, banakamata tu."

Ukamwonyesha karatasi, kidole juu ya muhuri. "Miye mutu ya tribunal nikimbie convocation? Iko na cachet!"

Ukapiga pasi shati jeupe. Ukaniambia kwamba asiyehukumiwa hana kosa, na mimi ndiye niliyekufungia tai. Papa, muhuri ule haukuingia katika sufuria yako hata moja! Wewe mwenyewe ulitufundisha kuangalia. Lakini maisha yako yote ulikuwa umeona muhuri ukiheshimiwa, ukauamini kabla hujafikiri. Nilikukasirikia sana kwa hilo, na hasira haijaisha yote.

Hukurudi. Tangu hapo nataka kitu kimoja tu: kamanda aliyekuita asimame mbele ya hakimu, aseme amekuweka wapi, tukuzike. Kwenye mahakama yako ya zamani waliniambia askari huhukumiwa na askari wenzake. Nikaenda Beni kwa hao askari. "Hapana dossier, mama," wakanijibu, yaani hakuna faili lolote la kesi yako, na kamanda mwenyewe siku hizi amevaa sare ya Serikali.

Leo wakili mmoja alikuja parokiani kutueleza ile mahakama ya kimataifa iliyofunguliwa ng'ambo. Nilikaa mbele kabisa, mkobani ile karatasi ya kuitwa, uliyoiacha nyumbani. Nikamwonyesha, na alipoona tarehe yake akainamisha kichwa.

"Pole, mama. Ile tribunal inaanzia siku ilifunguliwa. Ya mbele yake, ya zamani, haiangaliake."

Nikamuuliza kama kuua watu hakukuwa kosa tangu zamani. Akasema kosa lilikuwako, hakimu ndiye hakuwako. Kisha akaongeza, kwa upole kabisa: "Sheria hairudiake nyuma."

Nilitabasamu, Papa, kwa mazoea. Halafu nikalia mbele ya watu.

Maneno yale yaliniokoa na fimbo moja. Leo yamemwokoa mtu aliyekuchukua, na mimi sina tena mlango wa kubisha. Sitakudanganya kwamba nina tumaini. Pumzika popote walipokulaza.

Mama ananiita kutoka jikoni, anataka kujua wakili amesema nini. Nitamjibu kwa maneno yako mwenyewe. Safari hii hatacheka.

Binti yako wa kwanza, aliyekufungia tai,
Masika