Zizi Likiwa Kimya

Kisongo, 9 Machi 2025

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza habari za Mpwapwa na za miguu yako inayovimba ukisimama sana wodini, ngoja nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, maana nikichelewa nitaogopa na kuichana karatasi hii. Ule wimbo mpya wa kwaya yetu, ambao hakuna anayejua ni wa nani, nimeutunga mimi.

Sikuupeleka kwa mtu. Jumapili moja mama alikuwa anapanga mayai ya sadaka ya mnada, akachana karatasi za daftari langu ili yasigongane njiani. Mimi nilikuwa nje nafua. Nilipogundua, kapu lilikuwa limeshafika kanisani, na baada ya ibada aliyeyanunua ni Mwalimu Melkizedeki, mwalimu wetu wa kwaya.

Alhamisi akaja mazoezini na karatasi yangu, ina doa la yai pembeni. "Nani ameandika nota hizi?" Ni zile d, r, m ulizonifundisha nikiwa darasa la tano. Nikatazama viatu vyangu. Akacheka, "Basi ametunga kuku." Tangu siku hiyo unaitwa Wimbo wa Kuku. Kiitikio chake ni hiki:

Zizi likiwa kimya,
Bwana bado aita
jina la kila ng'ombe,
na jina langu pia.

Sasa unaelewa. Baba hajaingia kanisani tangu ukame ulipomaliza ng'ombe wake. Alikuwa akiwaita kwa majina kila asubuhi, na ndiye aliyeongoza besi. Siku hizi haimbi hata akiwa peke yake. Nikisema wimbo ni wangu, kanisa zima litajua zizi ni la nani, na yeye hapendi kuonewa huruma.

Mwezi wa tano kuna mashindano ya kwaya za jimbo, Makumira. Kila kwaya inapeleka wimbo mpya, na mtunzi husimama mbele aseme jina lake na wimbo ulikotoka. Mwalimu ametangaza kwamba mtunzi asipojitokeza hadi Pasaka, wimbo unaachwa.

Simu ya hapa ni ya mama, na kila ujumbe husomwa kwa sauti wakati wa chai. Ndiyo maana naandika. Tafadhali usimwambie mtu.

Mwanao,
Nashilu


Mpwapwa, 24 Machi 2025

Mwanangu Nashilu,

Marahaba. Sisi wazima, miguu ni ileile. Nilisoma barua yako wakati wa mapumziko, nikapiga kigelegele ndani ya stoo ya dawa. Mganga mfawidhi akaja mbio kuuliza nani kajifungua. Nikamwambia mimi, na ni wimbo. Jina sikutaja, usinune.

Nimejaribu kiitikio kwa sauti zote nne, zote nimeimba mimi. Mstari wa tatu umeipandisha soprano juu mno, mama zenu pale mbele watakabwa. Ishushe hadi nota ya la.

Kuhusu baba yako, shemeji yangu Solomoni, sikuongopei, ni mtu mgumu. Lakini umeimba habari za zizi lake kabla ya kumuonyesha yeye mwenyewe. Mpe asome kwanza yeye, halafu ndiyo Mwalimu. Usimpe mbele ya watu, wala usisimame hapo kumkodolea macho.

Mama yako mdogo,
Esther


Kisongo, 13 Aprili 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Sisi ni wazima, ila mimi silali vizuri. Soprano nimeishusha.

Nilichukua wiki mbili kupata ujasiri. Juzi nikamkuta baba anarudishia miiba ya boma, nikamuwekea nakala ya wimbo juu ya jiwe na kuondoka. Nilikuwa nimefika kwenye banda la kuku aliponiita.

"Narok yuko wapi humu?"

Narok alikuwa ng'ombe wake mweusi, wa mwisho kufa.

"Hakutosha kwenye mstari, baba."

Akaisoma tena ile karatasi. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akarudi kwenye miiba. Tangu hapo hajanisemesha ila kuomba chumvi.

Nadhani nimemuumiza. Pasaka ni wiki ijayo. Mazoezini watu wamekwisha kuuzoea wimbo, hata mama anaupiga mluzi akichambua mchicha, na hajui ni wa binti yake. Niuache tu ufe?

Mwanao,
Nashilu


Mpwapwa, 16 Aprili 2025

Nashilu,

Barua hii nimemkabidhi dereva wa basi yuleyule aliyeniletea yako, ikufikie kabla ya Pasaka, hivyo salamu ni fupi: mzima?

Angekuwa amekasirika asingemuulizia Narok. Na karatasi angekurudishia.

Nenda kwa Mwalimu. Sauti ikigoma, andika.

Mama yako mdogo


Kisongo, 25 Mei 2025

Mama mdogo,

Shikamoo! Hujambo? Miguu je? Kaa chini kwanza.

Siku ya Pasaka sauti iligoma kweli. Nikamfuata Mwalimu baada ya ibada na kumpa daftari langu lote. Akafunua, akalinganisha mwandiko, akaniita mbele ya kwaya: "Jamani, kuku mwenyewe huyu hapa!" Walinibeba, mama mdogo. Mama alilia na kuniuliza kwa nini nilimwacha achane daftari.

Nyumbani baba aliendelea na miiba yake.

Jana ndiyo Makumira. Kwaya kumi na moja. Zamu yetu ilipofika nikasimama mbele, nikataja jina langu kwa sauti ya mbu. Jaji akasema, "Ongeza, binti. Wimbo umetoka wapi?" Nikainua uso ili nisimtazame yeye, na pale kwenye benchi la mwisho nikamwona baba. Amevaa koti la harusi na mabuti ya matope. Hakumwambia mtu kuwa anakuja. Akanitikisia kichwa mara moja.

Nikasema, na ukumbi mzima ukasikia: "Umetoka kwenye zizi la baba yangu."

Tukaanza. Besi yetu ni watu watatu, na Sifaeli ana mafua. Lakini kiitikio cha pili kilipoanza, besi ikajaa ghafla kama mtu amefungua lango. Ilitoka benchi la mwisho! Baba alikuwa amesimama, macho amefumba, anaimba. Na kwenye "jina la kila ng'ombe", yeye akaweka Narok. Sijui kalipenyeza vipi, lakini lilitosha.

Majaji walitukata alama tatu kwa kusaidiwa na mtu asiye wa kwaya. Tukawa wa pili, na hakuna washindi wa pili walioshangilia kama sisi. Tuliimba njia nzima hadi Kisongo. Mwalimu akamtania: "Mzee Solomoni, umetukosesha kikombe!" Baba akajibu, "Kosa lenu. Mwakani niwekeni ndani."

Basi, ile siri ya Machi nimeifungua. Msomee mganga mfawidhi, wasomee wagonjwa, imba wodini ukitaka.

Ila kuna nyingine. Leo alasiri baba ameniita zizini, akatazama huku na huku, akatoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne. Kumbe miaka yote aliongoza besi kwa kusikiliza tu, nota hajawahi kujua hata moja. Tumeanza na do. Amekaa juu ya ndoo kama mtoto wa darasa la kwanza, na anakosea, mama mdogo, halafu anacheka.

Hili usimwambie mtu. Hata mama.

Mwanao,
Nashilu