Wiki ya Kuwinga Ndege

Jumatatu, 14 Julai 2025

Mpunga umetia maziwa. Ndege wamejua kabla yangu, wamejaa shambani kama walioalikwa. Niko peke yangu — mume wangu Jairus yuko Malindi kwenye kazi ya mjengo, kurudi ni mwezi ujao. Binti yetu Valary ametoka shule, akavua yunifomu, akapanda dungu la miti shambani kuwinga, kuwafukuza ndege mpaka giza. Pale juu alienda na kitabu cha kemia. Hakukifungua. Utafunguaje kitabu na huku unapiga kelele?

Jumanne, 15 Julai

Asubuhi nilimwambia abaki. Siku moja tu. Akasema, Mama, leo ni praktiko ya kemia maabara, ya mtihani wa moku. Nikamjibu moku si mtihani wenyewe. Alikunja sketi, akaiweka juu ya begi, akatoka.

Saa nne madam Darmi, mwalimu wake wa darasa, akapiga simu. Valary yuko wapi? Nikasema ana malaria. Ilitoka hivyo tu, laini. Akanipa pole! Akasema waliokosa kwa ugonjwa wataifanya Ijumaa saa mbili asubuhi. Roho ikatulia. Nikajiona mjanja.

Jumatano, 16 Julai

Leo pia hakwenda. Nilisema siku moja, najua nilichosema. Nikamtania, mgonjwa gani wa malaria anapona kwa siku moja? Akacheka kidogo, kwa heshima tu. Mimi mwenyewe niliishia kidato cha pili, tena bila malaria.

Alhamisi, 17 Julai

Madam Darmi amekuja. Hakupiga simu — nimesikia pikipiki, namwona anashuka na mfuko wa machungwa na karatasi za mitihani ya zamani. Nikamkaribisha, nikamkalisha nje, nikaulizia habari za shule, za wazazi wake, za ng'ombe wao. Nikasema ngoja nione kama mgonjwa ameamka.

Nikaingia. Valary yuko kitandani! Alimwona kutoka dunguni, akapitia nyuma ya nyumba. Leso mpaka shingoni, miguu ina tope. Mimi sikumwambia afanye hivyo. Sikumwambia chochote. Hapo ndipo panaponiuma.

Madam akamuuliza anajisikiaje. Valary akajibu, sauti haitoki, imekwaruza yote — siku tatu za kufukuza ndege. Madam akamshika paji la uso. Lina moto, ametoka juani. Akanigeukia, akasema huyu bado ana homa, asije kesho. Nikamuuliza, na praktiko? Akasema afya kwanza, ataandikiwa alikuwa mgonjwa. Ila kemikali za shule zinaishia kesho, kwa hivyo maabara atakutana nayo kwenye KCSE, mtihani wenyewe.

Valary akaniangalia. Hakumwangalia madam, aliniangalia mimi. Anataka unesi, na kemia ndiyo inayomwangusha kila muhula. Alikuwa anangoja niseme.

Nikasema, Asante, madam. Mungu akubariki.

Machungwa sijayagusa. Nimemdanganya mtu aliyekuja na machungwa.

Ijumaa, 18 Julai

Saa moja kasoro. Valary ameamka kabla yangu. Ameoga, amevaa yunifomu, ameketi mlangoni na begi magotini. Anasema kwa ile sauti yake mbovu, Mama, mpigie madam, mwambie nimepona.

Hajasema hata nimwambie ukweli. Nimepona, basi. Amenirahisishia.

Simu ninayo mkononi, ina chaji, ina salio. Pikipiki ni nusu saa mpaka shule. Upande wa mtoni ndege wameshaanza kutua, nawasikia kutoka hapa. Wiki moja tu imebaki punje zikaze, ndege waziache. Nikiwa peke yangu nitapoteza nusu. Nusu ya mpunga. Na yeye je?

Saa moja imefika. Ameuliza tena, polepole.

Nimemwambia angoje, nimalize kuandika.