Nazi Juu ya Bloku

Velu, huyu meneja ataniua!

Asubuhi nzima nimekwangua gasketi kuukuu kwenye bloku ya injini ya basi, nikaipangusa ikang'aa, tayari kufungwa silinda hedi mpya, kile kifuniko cha juu. Meneja Thangaraj akaja na mpiga picha: "Mzee Kathir, leo sikukuu yetu Wahindu ya kubariki zana, zote zibarikiwe!" Akapaka poda nyekundu ya baraka. Juu ya uso wa bloku, Velu! Juu ya uso wenyewe!

"Bosi, hapo inakaa gasketi, hata unywele hautakiwi."

"Kaa kimya, unamfundisha Mungu?" Akapasua nazi ya baraka hapo hapo juu. Maji yote yakaingia kwenye silinda.

Mkaguzi wa karakana akafika: "Nani kachafua hapa?" Nina maonyo mawili, la tatu nafukuzwa. Thangaraj akaninyooshea kidole: "Tumsamehe, amefiwa na mke."

Nimesamehewa. Nimeambiwa nikamshukuru Thangaraj.