Pembe za Mbao za Kannappan

Jumatatu, 3 Machi

Mume wangu amerudi ananuka ndovu kama kawaida, akakaa barazani na chai yake, anatabasamu peke yake. Nikamuuliza kuna nini. Hakuna kitu. Haya, nikajikausha. Achuthan ukimwacha hutapika mwenyewe.

Chai haijaisha, katapika. Ndovu wa hekalu, yule wa pembe ndefu, ameingia msimu wake wa ukali. Maji meusi yanamchuruzika mashavuni, hasogelewi hata na anayemlisha, amefungwa minyororo nyuma ya bwawa. Na sherehe ya Mama Bhagavathi, mungu wetu wa kike, ni Jumamosi ya wiki ijayo! Ndovu wote wenye pembe wameshachukuliwa na mahekalu mengine. Basi mwenyekiti wa kamati, Menon, amekwenda mwenyewe kule kwenye magogo kumtazama Kannappan wetu.

Kannappan! Ndume aliyezaliwa bila pembe. Mwaka mzima anavuta magogo ya watu, na siku ya sherehe anasimamishwa mwisho kabisa wa mstari, karibu na wauza karanga. Sasa eti abebe sanamu ya Mama. Nimecheka mpaka chai ikanipalia, halafu nikaona Achuthan hacheki.

Jumatano, 5 Machi

Menon kaja nyumbani. Nikamwekea kiti kizuri.

Kumbe kuna sharti. Mama hajawahi kupanda ndovu asiye na pembe, kwa hiyo Kannappan atachongewa pembe za mbao. Zitapakwa rangi, zitafungwa kwa kamba, na lile pambo la dhahabu la kwenye paji litafunika mafundo. Sisi wa hapa tunajua, lakini wageni hawajui, na wale wa kijiji cha jirani wanatafuta la kutucheka. Zikigundulika, anasema, Achuthan asitie mguu tena katika uwanja wa hekalu, yeye wala mnyama wake.

Achuthan anaitikia tu. Sawa bwana Menon. Sawa bwana Menon. Huyu mtu wangu hajui neno jingine. Wakimwambia akoge kwa moto ataitikia sawa.

Menon alipoondoka nikamwaga yote. Nikamwambia anakubali mwenzake avishwe meno ya bandia kama babu wa bibi harusi. Kosa lake nini? Nani kamwona Kannappan akasema kapungukiwa? Akaniacha niseme mpaka nikachoka.

"Mama Sheeja," akasema, "magoti yangu yamekwisha. Mwakani Kannappan atapewa mtunzaji mwingine. Nataka nimwone mara moja tu amembeba Mama, basi."

Nikaenda kuosha vikombe.

Ijumaa, 7 Machi

Ittoop seremala kaanza kazi uani kwetu. Anachonga mti wa mfenesi. Vumbi la njano kila mahali, hata kwenye wali.

Mdomo wake nao! Anasema amewachongea watu vitanda, majeneza na msalaba wa kanisa lao, ila meno hii ni mara ya kwanza, na mteja hata kinywa hataki kufungua apimwe. Akaniuliza kama Mama Bhagavathi hatachukia meno yaliyochongwa na Mkristo. Nikamwambia Mama anaivumilia kamati ile miaka yote, hatashindwa kumvumilia yeye.

Jioni wakampelekea Kannappan pembe moja aizoee. Akainusa, akaigeuzageuza, akaitia kinywani, akaitema. Ittoop akasema hajawahi kudharauliwa hivyo na mteja.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda mtoni wakati wa kumwosha. Amelala ubavu majini, macho kafumba, Achuthan anamsugua nyuma ya masikio kwa kumbi la nazi na kumsemesha. Mimi hajanisugua hivyo tangu niolewe! Nikamwambia hivyo. Akacheka, akanirushia maji. Wazee sisi.

Nilipochumbiwa watu walimwambia mama yangu: utampeleka mtoto kwenye uke wenza, yule ana ndovu. Ni kweli tupu. Miaka ya mwanzo nilikuwa na wivu hasa. Chakula kikipoa, yuko kwa Kannappan. Mvua ikinyesha, anauliza kwanza kama Kannappan kalowa. Nikaapa sitampenda mnyama yule.

Sasa mkono wangu wenyewe ndio unaomfinyangia matonge ya wali na sukari guru. Leo alikuja na mkonga wake mpaka kwenye pindo la sari, taratibu, kama mtu anayeomba samahani, akachukua ndizi niliyoificha. Mwizi. Nampenda, nifanye nini.

Jumanne, 11 Machi

Wamemjaribisha. Pembe mbili, nyeupe, zimepinda vizuri. Kannappan alisimama wima hajui afanye nini na uso wake, kama mtoto aliyevishwa viatu vipya.

Nilikwenda nimenuna. Nilitaka achekeshe. Hakuchekesha — alipendeza! Hilo ndilo lililoniudhi. Achuthan alijifuta macho akasingizia vumbi la Ittoop.

Sheeja kapiga simu kutoka Palakkad. Nikamweleza. Akasema baba yake anajipalia mkaa, Menon atamruka zikigundulika. Najua, mwanangu.

Alhamisi, 13 Machi

Achuthan hajala mchana wala jioni. Nimempigia pasi shuka yake nyeupe. Nimeogopa kumuuliza lolote.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika haraka nyumbani, bomba linadondosha maji polepole, ndoo haijafika nusu.

Asubuhi kila kitu kilikwenda sawa. Kannappan katikati ya mstari, miavuli ya hariri juu yake, kuhani mgongoni kamkumbatia Mama. Ngoma zinapigwa mpaka kifua kinatetemeka. Wageni wakamtazama yule wa karibu na wauza karanga na kusema, nani huyu? Wa wapi huyu? Achuthan kasimama kando ya mguu wake wa mbele, kifua mbele. Nililia wazi wazi, mbele ya wanawake wote.

Halafu jua. Kamba zikamwasha Kannappan, akapiga masikio, akatikisa kichwa, mara moja tu — na pembe ya kushoto ikadondoka. Ko! Juu ya mawe.

Ngoma zikakatika. Wale wa kijiji cha jirani wakaanza kucheka. Kannappan akaiokota kwa mkonga, akamkabidhi Achuthan, akabaki na pembe yake moja, katulia.

Kikongwe mmoja pembeni yangu akafumba mikono kuomba. "Ganapathi," akasema. Bwana wetu mwenye kichwa cha ndovu na pembe moja iliyovunjika, tunayemwomba kabla ya kila jambo! Na mwingine nyuma yake akafumba. Na wengine. Nusu ya uwanja mikono imefumbwa, nusu wanapiga kelele aibu, aibu, na Menon katikati yao uso umemwiva.

Akampigia Achuthan kelele: Mama ateremshwe sasa hivi, mwambie mnyama apige magoti! Kannappan hapigi magoti kwa sauti nyingine ila ya Achuthan, kila mtu hapa anajua. Nikasubiri kusikia ile sawa bwana Menon. Nilikuwa tayari nimeshaisikia masikioni.

Achuthan kimya. Menon akarudia. Kimya. Akarudia mara ya tatu, akamkumbusha habari ya kutotia mguu tena uwanjani. Achuthan akaiweka ile pembe chini, polepole, kwa sababu ya magoti yake.

"Mwambie wewe, bwana Menon."

Na Menon kweli akamwambia! Akanyoosha kidole, akamwamuru. Kannappan akamtazama, akapunga masikio.

Kuhani bado yuko juu, Mama kifuani, hajui ateremkie wapi. Wapiga ngoma wameshika fimbo zao, wanamtazama Menon, wanawatazama watu. Jua linamchoma Kannappan kichwani, ndiyo maana nimekimbilia maji. Nilipoondoka Achuthan aliniangalia tu, mkono wake uko pale pale kwenye mguu wa mke mwenzangu.

Wakimfukuza leo, basi wajue wanatufukuza watatu. Ndoo ijae kwanza nirudi nikasimame upande wa pili wa Kannappan.